Siku ya Kwenda Tabora

Miraji seremala alikuwa mtu mwema, lakini furaha ikimpanda hajui kuufunga mdomo wake. Alasiri ile aliyohitimu Kidawa, uani kwao Kisimamajongoo, pilau ingali inafuka moshi kwenye masinia na Bi Mwanakheir, mwalimu wake wa chuo cha Kurani, ameketi kwenye kiti cha heshima na kanga zake mpya za zawadi mapajani, Miraji alisimama akakohoa kama mtu anayetaka kutoa waadhi.

"Kidawa!"

"Naam, baba."

"Umenipa heshima leo, mwanangu. Basi taka utakacho. Chochote! Nami ntakupa, na watu wote hawa mashahidi wangu."

Wanawake walipiga vigelegele. Kila mmoja alikwisha jua mtoto atataka nini: vipuli, au gauni la hariri, au viatu vya kisigino kama vile ambavyo Sichana, mwenzake wa chuoni, alivivaa Sikukuu iliyopita akateguka mguu. Kidawa aliinamisha kichwa, akachezea ncha ya mtandio wake, kisha akasema wazi, kwa sauti ileile aliyosomea sura:

"Nataka kupanda gari la moshi."

Ua mzima ulicheka. Gari la moshi, Unguja! Reli ya Bububu ilikwisha ng'olewa zamani. Aliyebaki nayo alikuwa Miraji peke yake, ambaye aliipanda mara moja utotoni, na kila akipata wasikilizaji huisimulia, na kila akiisimulia gari huzidi mwendo. Watu walimtazama yeye wakazidi kucheka, kwamba hayo ndiyo matunda ya hadithi zake. Miraji mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha, kwa kuwa macho ya watu yalikuwa kwake, akatoa neno ambalo hakulipima.

"Utalipanda! Tutakwenda bara sote watatu, tulipande Dar es Salaam mpaka Tabora. Kwani hatuna kwetu Tabora? Tutafikia kwa Mashavu!"

Mwanapili, mkewe, alikuwa akiwamiminia wageni kahawa. Aliimwaga mkononi mwake mwenyewe na hakusikia moto.

Mashavu alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mwanapili aliolewa mwanzo, akakaa, akakaa, akanywa mizizi ya kila mganga kuanzia Makunduchi mpaka Nungwi, na hakushika mimba hata ya kuharibika. Mashavu akaolewa nyuma yake akazaa kama anayekoga. Basi mdogo akamwonea dada yake huruma, na kama ilivyo ada yetu, akampa mtoto. Kidawa alipoachishwa ziwa alihamia kwa Mwanapili na kitanda chake kidogo, na mwaka uleule mume wa Mashavu akapata kazi ya reli Tabora, wakahama. Hapakuandikwa kitu wala hapakuitwa mashahidi. Mtoto wa ndugu ni mtoto wako, na mama mkubwa naye huitwa mama. Kwa hiyo Kidawa alipoanza kusema akamwita Mwanapili mama, hakuna aliyeona pana la kusahihishwa. Mtaa mzima ulijua. Na kwa kuwa mtaa mzima ulijua, kila mtu alidhani kumwambia mtoto ni kazi ya mwengine, na miaka ikapita hivyo.

Lakini mtoto wa kupewa ana sharti moja lisilosemwa: aliyetoa ana haki ya kutaka. Siku akija akakwambia, "Dada, nirejeshee mwanangu," hakuna mzee hata mmoja Unguja nzima atakayesimama upande wako. Mwanapili alilijua hilo siku zote, akaliweka mbali, kama mtu anavyoweka sanda yake chini kabisa ya sanduku. Mwaka uliopita ndipo lilipomtoka mafichoni. Habari zilikuja kutoka Tabora kwamba Mashavu amefiwa na binti yake, binti wa pekee aliyekuwa amebaki naye, na sasa nyumbani mna watoto wa kiume tu. Mwanapili alimlilia yule mtoto kwa machozi ya kweli. Siku ya mwisho ya matanga waliyoyaweka huku Unguja, anakunja majamvi, wazo likamjia: sasa atamtaka wangu. Alijionea aibu mpaka akaketi chini. Aibu ilipita baada ya siku chache. Wazo lilibaki.

Na sasa Miraji, mbele ya watu wazima na akili zao, ameahidi kumchukua mtoto kwa mkono wake mwenyewe na kumpeleka mpaka mlangoni.

*

Siku zile Miraji hakushikika. Aliacha kitanda cha watu hakijatiwa miguu akajitengenezea sanduku la safari, la mvule, lenye bawaba za shaba, kubwa hata wawili hawalinyanyui. Alikwenda bandarini kuuliza meli, akarudi akauliza tena kesho yake. Alimpa salamu mtu mmoja wa reli aliyekuwa anarudi Tabora kazini, azifikishe kwa Mashavu, na haukupita muda salamu zikarudi kwa njia hiyohiyo: Mashavu amefurahi mpaka amelia, amekwisha kutia chokaa chumba, anahesabu siku ya kumtia mtoto machoni.

"Umesikia?" Miraji alisema, uso unamng'ara. "Kalia kwa furaha!"

"Nimesikia," alijibu Mwanapili. Alisikia vizuri kuliko alivyodhani mumewe.

Alijaribu njia. Siku moja, Miraji anakula na Kidawa yuko kwa jirani, alijitia kusema kwa wepesi, "Mie naona tungekwenda Mombasa. Kwani gari la moshi si gari la moshi? Tupande, tufike kituo cha mbele, turudi. Mtoto kesha pata haja yake."

Miraji aliweka tonge chini. "Na ndugu yako?"

"Ndugu yangu tutamwendea siku nyengine."

"Mwanapili, ndugu yako kafiwa na mtoto, hukwenda hata matangani kwake. Leo tunavuka bahari kwenda kutembea, tumpite? Watu watasema nini?" Akasema kwa sauti ya chini, "Na weye na mie tunajua unachokikimbia. Mtoto kashakuwa mkubwa. Bora aambiwe na sie kuliko kuja kutupiwa maneno barabarani."

"Nani wa kumtupia? Nitajie huyo mtu!"

"Yeyote mwenye mdomo."

"Basi ukimwambia," alisema Mwanapili, "ukimwambia, Miraji, jua umeniua."

Miraji alimtazama sana. Hakumwambia mtoto. Lakini safari hakuiacha. Ahadi alikwisha itoa mbele ya Bi Mwanakheir na ua uliojaa watu, na kwa Miraji ahadi ya namna hiyo ilikuwa karibu na sala.

Mwanapili akarudi kwenye cherehani. Ikiwa hakuna budi kwenda, basi mtoto asifike Tabora na nguo ambayo Mashavu ataitia kasoro. Alimshonea Kidawa magauni, akashona na mengine, akayatia marinda na lesi, akayakunja moja moja ndani ya lile sanduku, na mara nyingine machozi yalimdondoka juu ya kitambaa huku mguu unakwenda. Kidawa alikuwa akimkuta hivyo. Alikuwa akisimama mlangoni, akimtazama, akitazama na sanduku linavyojaa, kisha akiondoka polepole. Mtoto aliyeomba gari la moshi mbele ya watu sasa hakuwa akilitaja. Chakula alikidonoadonoa tu. Miraji alisema ni furaha, watoto huwa hivyo. Mwanapili aliendelea kushona. Roho yake mwenyewe ilikuwa mkononi, na mtu wa hivyo haoni ya mwenzake.

Ndipo akamkumbuka Maalim Msabah.

Maalim Msabah alikuwa mtu wa falaki, anakaa Mkunazini, na watu wengi mjini hawakuwa wakiolewa, wakijenga wala wakisafiri mpaka awatazamie siku. Mwanapili alimjua toka zama za kutafuta uzazi. Alijua pia kwamba Maalim hajipendekezi kwa watu: nyota ikikataa, husema imekataa, hata kama bwana harusi amesimama nje na ngoma. Na nyota hukataa mara nyingi, hasa safari za bahari. Mwanapili akapata tumaini la kwanza tangu alasiri ile ya pilau. Hatamkatalia mumewe. Nyota ndizo zitakazomkatalia.

"Sivuki bahari na mtoto bila ya kutazamiwa," alimwambia Miraji. "Hilo ukinikatalia, chukua mke mwengine uende naye."

Miraji hakuwa na imani sana na mambo hayo, lakini hakuona dhara. "Haya twende. Na mtoto?"

"Na mtoto. Safari yake."

Alilitaka hilo mwenyewe. Alitaka Kidawa asikie kwa masikio yake kwamba nyota imekataa, asije akamlaumu mtu.

*

Walivuka Darajani asubuhi, Miraji mbele, Mwanapili amejifunika buibui na mkono wa Kidawa ndani ya wake. Ngazi ya Maalim ilikuwa nyembamba na kiza, na juu yake chumba kidogo chenye vitabu mpaka darini. Maalim alikuwa mzee mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Walimwamkia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Kaeni. Safari ya nani?"

"Ya mtoto huyu," alisema Miraji kwa fahari. "Kahitimu. Nampeleka bara, akapande gari la moshi mpaka Tabora."

"Mashaallah. Basi tutatazama nyota yake, nyinyi ni wafuasi wake tu." Akachovya kalamu. "Jina?"

"Kidawa."

"Jina la mama yake?"

Mwanapili alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Swali hilo alikwisha ulizwa yeye mara ngapi katika chumba hikihiki! Nyota ya mtu huhesabiwa kwa herufi za jina lake na herufi za jina la mama yake; hata vijakazi wa mjini wanajua. Katika mipango yake yote aliyafikiria maneno atakayosema Miraji, na meli, na mvua, na hilo moja halikumpitia.

"Ungeliuliza la baba, Maalim," alidakia Miraji kwa kicheko cha haraka. Naye alikwisha liona.

"Baba haingii humu," alisema Maalim bila ya kuinua kichwa. "Baba ni habari tunayoambiwa na watu. Mama ndiye asiye na shaka. Haya, jina."

Kidawa alikuwa ameketi katikati yao, anatazama vidole vya miguu yake.

"Mwanapili," alisema Mwanapili.

Miraji aligeuka akamtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mwanapili amjue kumwona akiufunga.

Maalim akaandika herufi, akatia chini ya kila herufi hesabu yake, akajumlisha, akatoa, akafungua kitabu chenye kurasa za manjano, akapitisha kidole. Mwanapili alikitazama kile kidole na kukiomba kwa moyo wake wote: kataa. Kataa tu.

"Subhanallah," alisema Maalim, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Siku nyingi sijaona nyota ya msafiri iliyonyooka namna hii. Bahari haimdhuru, bara haimdhuru. Jumatano hii inayokuja, jua likianza kupanda. Msiiache ikapita."

"Jumatano!" Miraji alipiga paja. "Meli ya Jumatano ipo!"

Mwanapili alikuja kutafuta kizuizi, akafunguliwa njia mpaka bandarini. Maalim alikuwa akifuta kalamu yake huku akitoa maneno ambayo bila shaka huwapa wote.

"Ila majina yawe ya kweli. Siku iliyo njema kwa huyu ni nuhusi kwa yule. Mtu akipanda chombo kwa siku ya mwenziwe, yatakayompata mie simo."

Miraji alikwisha simama. Kidawa alisimama. Viatu vilikuwa mlangoni. Mwanapili alibaki ameketi, kwa sababu alikuwa ameanza kuhesabu. Ile Jumatano safi, jua likianza kupanda, ilikuwa ya mtoto wa Mwanapili. Mtoto huyo hakupata kuwapo. Alimwomba kwa miaka kwenye kila mizizi na kila sala, na hakuja. Siku yake ndiyo hiyo imekaa kitabuni inamngoja. Na yeye anataka kumtwaa Kidawa, Kidawa wa damu na nyama, mwenye nyota yake nyengine, amtie baharini kwa siku ya asiyezaliwa. Wako watakaocheka. Mwanapili hakuwa mtu wa kucheka mambo haya, na aliona mawimbi kama yako pale chumbani.

"Maalim," alisema. "Futa."

"Nifute nini?"

"Jina. Mama yake ni Mashavu." Sauti ilimtoka nyembamba, akairudia kwa nguvu asije akaambiwa aseme tena. "Mashavu ndiye aliyemzaa. Mie dada yake Mashavu. Mie nimemlea tu."

Hakuthubutu kumtazama mtoto. Alitazama jamvi. Alisubiri kilio, au swali, au mkono mdogo unaojiondoa, na hakikuja hata kimoja. Miraji aliketi tena polepole, kama mzigo unavyoteremshwa.

Maalim Msabah hakushangaa. Watu wa kazi yake wamesikia mengi. Alinung'unika tu kwamba angeambiwa mwanzo, akageuza karatasi, akaanza upya. Safari hii alichukua muda. Alifungua kitabu cha pili. Alirudi cha kwanza. Lile tabasamu lilikuwa limekwenda zake.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna Jumatano?" aliuliza Miraji.

"Hakuna siku. Rajabu hii yote hamna. Shaabani hamna. Ramadhani hakuna atokaye kwenda kutembea. Na ikisha kupita Idi, naona kiza vilevile. Mie ningesema muiache mpaka mwakani, mje tena, tutazame."

Ndilo neno alilolijia Mwanapili. Amelipata, tena la haki, bila ya hila, kutoka kinywa ambacho Miraji hawezi kukibishia. Alingojea kusikia raha.

Miraji alimshika mtoto bega. "Basi, mwanangu. Umesikia mwenyewe. Safari imekataa. Baba yako hakuvunja ahadi, ila..."

"Alhamdulillahi," alisema Kidawa.

Wote wakamgeukia.

"Sitaki tena kwenda," alisema. Hakuwa akilia, lakini alikuwa akivuta pumzi kama aliyekimbia. "Nlikuwa nataka kukwambieni, nkaogopa. Mnanipeleka mkaniache."

"Tukuache wapi?" Miraji alisema.

"Kwa mama Mashavu."

Mwanapili alimvuta mtoto karibu. "Nani kakwambia habari za mama Mashavu?"

"Sichana. Zamani. Tulikuwa hata nusu ya msahafu hatujafika. Nkampiga. Bi Mwanakheir akaniita, akanambia nsimpige mtu kwa kusema kweli."

"Na mbona hukunambia, mwanangu?"

Kidawa alimtazama. Halikuwa jicho la utovu wa adabu. Alikuwa anauliza kwa haja ya kujua. "Na weye mama, mbona hukunambia?"

Mwanapili aliushika mtandio wa mtoto akauweka sawa.

"Nlitaka nimwone tu," aliendelea mtoto, na sasa maneno yalimtoka mbiombio. "Nimwone alivyo, kisha turudi. Nkaona nkisema namtaka yeye, utalia. Ndio nkasema gari la moshi. Nawe ukalia vilevile. Kila siku unalia, na unanishonea nguo, na unatia nguo zangu zote sandukuni, hata za Sikukuu. Nani anakwenda kutembea na nguo zake zote? Nkajua. Mwanawe kafa, basi mnampa mie."

Wiki zote zile! Wiki zote zile Mwanapili alikuwa akiogopa kunyang'anywa mtoto, na mtoto, chumba kile kile, sahani ile ile, alikuwa akiogopa kutolewa. Kila tone la chozi lililoanguka kwenye kitambaa Kidawa alilisoma kuwa ni kuagana. Mwanapili alijua aliyemtia mtoto wake hofu ile si Mashavu wala Sichana wala mtaa. Ni yeye, kwa kunyamaza kwake.

"Nguo zile," alisema, akashindwa, akaanza tena. "Nguo zile, Kidawa, nlikushonea asije mama yako akasema sikukutunza. Hilo tu. Wallahi hilo tu."

Kidawa alilipima neno hilo. Kisha akauliza swali lililobaki, lile ambalo Mwanapili alikuwa akijiuliza tangu siku ya kukunja majamvi.

"Na akinitaka?"

Mwanapili alimgeukia Maalim Msabah, ambaye alikuwa amejitia kutafuta kitu kitabuni, kwa heshima.

"Maalim. Tutafutie njia."

"Njia ya nini? Nshakwambia hamna siku."

"Siku mbaya ina sadaka yake. Nnajua ipo. Umewapa wengine."

Maalim alivua miwani. "Ipo. Lakini, bibi, mie nina macho. Ulipoingia hapa ulikuwa na uso wa mtu anayeniomba nimkatalie. Nimekukatalia. Sasa wataka nini?"

"Nlikuwa nakuomba hilo," alisema Mwanapili. "Sasa siliombi tena. Mtoto anataka kumwona mama yake. Nkimweka mpaka mwakani, mwaka mzima atalala akidhani namtoa, na mie ntalala nikidhani nanyang'anywa. Nyota za namna gani zaidi ya hizo? Tupe sadaka twende."

Miraji alijifuta uso kwa kofia yake. Maalim alivaa miwani tena, akavuta karatasi safi.

"Sadaka ni mikate," alisema, "wapewe watoto wa chuo kabla hamjatia mguu melini. Mkate mmoja kwa kila kichwa kinachokwenda, na mmoja kwa kila kichwa kinachorejea. Nia yake inawekwa leo, hapa, wala haibadilishwi njiani." Akachovya kalamu. "Wanaokwenda?"

"Watatu," alisema Miraji.

"Wanaorejea?"

Miraji alikohoa. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilimjia mdomoni kabla hajajizuia. "Hapo, Maalim, pengine tupaache wazi. Mashavu naye ndiye aliyezaa. Hatuwezi kumsemea tukiwa huku, yeye hajasema."

Alisema sawa. Kila mzee angelisema hivyo, na marehemu mama yao Mwanapili na Mashavu angelisema hivyo pia. Maalim akangoja na kalamu yake juu. Kidawa alikuwa akiutazama mdomo wa Mwanapili.

"Haki yake ntampa," alisema Mwanapili. "Atamlaza kitandani kwake. Atamsuka. Ataitwa mama na mie nnasikia. Akimlilia yule aliyekufa, ntakaa chini nilie naye, maana nlistahiki nende mwaka jana na sikwenda. Na akinambia, dada nirejeshee, ntamwambia la. Ndugu yangu, damu yangu, la. Na anikasirikie mpaka tufe, na watu waseme watakavyo." Alimshika Kidawa mkono. "Watatu, Maalim. Andika watatu."

Maalim Msabah alimtazama Miraji. Miraji alitikisa kichwa kukubali, na Maalim akaandika.